Tathmini ya OpenPLC Editor: Jinsi Inavyozitaja Kontakti za Mchoro wa Ngazi

OpenPLC Editor ni programu huria, isiyolipiwa, ya kuandikia vidhibiti vya mitambo vinavyojulikana kwa kifupi kama PLC. Ilianzishwa na Thiago Alves, hufanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na inakubali lugha zote tano zilizomo katika toleo la 2013 la kiwango cha kimataifa IEC 61131-3, ukiwemo mchoro wa ngazi, lugha inayochora mantiki kama saketi ya umeme, ambao mafundi umeme wengi ndio wanaoanza nao. Ninachokitathmini hapa ni kile kizazi kilichojengwa juu ya Beremiz, programu nyingine huria ya PLC, si kile kipya chenye sura nyingine, na hata ndani yake nimechagua kipengele kimoja tu: majina ambayo programu imeyapa maagizo ya kontakti, na iwapo majina hayo humsaidia mtumiaji kuelewa kile ambacho PLC inafanya kweli. Huenda likaonekana jambo dogo. Hata hivyo, mchoro wa ngazi kwa sehemu kubwa ni kontakti (alama za masharti) na koili (alama za matokeo), kwa hiyo anayeielewa kontakti vibaya atakosea karibu katika kila kipago, yaani kila mstari wa ngazi, anachokichora.

Ni vyema kwanza kueleza tatizo linatoka wapi, kwani si la programu hii peke yake. Mwaka 1968 kitengo cha Hydra-Matic cha General Motors kilitaka kifaa cha kuchukua nafasi ya makabati yaliyojaa rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na koili ya umeme, na mwaka uliofuata timu ya Dick Morley ikatoa Modicon 084. Ili mafundi waliozoea michoro ya rilei wasilazimike kujifunza upya, alama za michoro ile zilihamishiwa kwenye programu karibu zilivyo: mistari miwili iliyosimama kwa kontakti moja, na mistari hiyohiyo yenye mkwaju (/) katikati kwa nyingine. (Anayetoka upande wa elektroniki hudhani ameona kapasita, na hana kosa.) Pamoja na alama yakahama majina: kontakti iliyo wazi kwa kawaida, na kontakti iliyofungwa kwa kawaida. Kwenye rilei majina haya ni sahihi kabisa, kwa kuwa yanaeleza hali ya vipande vya chuma wakati koili haina umeme. Ndani ya PLC hakuna chuma wala springi. Kuna biti moja katika kumbukumbu, na agizo linaloiuliza swali: je, thamani yako ni 1? Au kinyume chake: je, thamani yako ni 0? Jibu likiwa ndiyo, mantiki inaendelea kulia. Likiwa siyo, inakatika hapo.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili kuna kikwazo cha ziada ambacho vitabu vya kigeni havikitaji. Tukifunga bomba, maji hukatika. Tukifunga redio, sauti huisha. Lakini swichi iliyofungwa, kwa lugha ya umeme, ndiyo inayopitisha mkondo. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma kuwa kontakti fulani "imefungwa kwa kawaida" huwa na sababu mbili za kupotea kwa wakati mmoja: hajui kama kinachozungumziwa ni kitufe cha ukutani au ni agizo kwenye programu, na akili yake ya kila siku inamwambia kwamba kilichofungwa hakipitishi kitu.

Watengenezaji wakubwa wamelishughulikia suala hili kwa njia zinazotofautiana sana. Allen-Bradley hutumia XIC na XIO, vifupisho vinavyomaanisha kuchunguza kama imefungwa na kuchunguza kama iko wazi. Neno la kuchunguza ni zuri, kwa sababu linatambua kwamba agizo huuliza tu, lakini wazi na kufungwa bado yamebaki. Mitsubishi huandika LD na LDI, halafu AND na ANI, OR na ORI, kutegemea mahali kontakti ilipo kwenye kipago. Omron nao wana LD na LD NOT. Katika Siemens mchoro wa ngazi huzungumza kwa majina yaleyale ya rilei, ilhali orodha yao ya maagizo hutumia A na AN, au U na UN kwa wanaofanya kazi kwa Kijerumani. Wote hawa wanazungumzia maagizo mawili yaleyale. Fundi anayehama kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine hajifunzi mantiki mpya hata kidogo, anajifunza msamiati.

OpenPLC Editor imeamua kutotumia jina lolote kati ya hayo. Mtumiaji akiweka kontakti kwenye ukurasa, hufunguka kisanduku kidogo kinachomtaka achague kigezo, yaani jina la biti inayosomwa, kisha achague sifa moja kati ya nne: "Normal", "Negated", "Rising Edge" au "Falling Edge". Kwa Kiswahili ningeziita kontakti ya moja kwa moja, kontakti kanushi, kontakti ya ukingo wa kupanda na kontakti ya ukingo wa kushuka. Hakuna wazi, hakuna kufungwa. Kilichopo ni kigezo na namna kinavyosomwa: kama kilivyo, kwa kukanushwa, au wakati tu kinapobadilika. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika programu hii, na ninashangaa kwamba maelezo mengi ya mtandaoni kuihusu huupita bila kuutaja, yakaendelea kufundisha majina ya rilei juu ya kisanduku ambacho hakiyataji.

Ubora wa uamuzi huo unaonekana pale mtu anapochora saketi ya kwanza ambayo kila mwanafunzi huichora, yaani ya kuwasha na kuzima mota kwa vitufe viwili. Kitufe cha kuwasha huwa cha aina iliyo wazi kwa kawaida. Kitufe cha kuzima, kwa utaratibu wa usalama uliozoeleka, hutakiwa kiwe cha aina iliyofungwa kwa kawaida, ili waya ukikatika au skrubu ikilegea, mota isimame kana kwamba mtu amebonyeza. Sasa tazama kinachofika kwenye PLC. Mkono wa mtu ukiwa mbali, kitufe cha kuzima kinapitisha umeme, kwa hiyo biti yake ni 1. Tunataka mota iruhusiwe kuzunguka wakati biti hiyo ni 1. Kontakti inayofaa kwenye programu basi ni ya moja kwa moja, ile isiyo na mkwaju, ambayo wengine huiita wazi kwa kawaida. Kitufe kimefungwa kwa kawaida, kontakti yake kwenye mchoro iko wazi kwa kawaida, na zote mbili ni sahihi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa majina ya rilei huyaona maneno mawili yanayopingana, akachukua kontakti yenye mkwaju ili "yalingane", na matokeo yake ni mota ambayo haitaki kuwaka hadi mtu ashikilie kitufe cha kuzima. Kosa hili ni la kale kama PLC zenyewe.

Katika OpenPLC Editor mkanganyiko huo haupati mahali pa kushika, kwa sababu kisanduku hakimuulizi mtumiaji kitufe chake ni cha aina gani. Kinamuuliza kama anataka thamani ilivyo au kinyume chake. Akishajua kwamba biti ni 1 wakati kitufe hakijabonyezwa, jibu linajitokeza lenyewe. Hali ni hiyohiyo kwa wanaounganisha vitufe kwenye bodi ndogo kama Arduino au Raspberry Pi, ambazo OpenPLC pia huziendesha: pini ikiwa na kipingamizi cha kuivuta juu, kitufe kilicho wazi husomwa 1 na kilichobonyezwa husomwa 0, na hapo jina la aina ya kitufe halimwambii mtu lolote kuhusu biti. Niongeze jambo moja hapa kabla ya kuendelea, ingawa si la msamiati: kitufe cha dharura cha mashine halisi, kile kinachotawaliwa na kiwango cha ISO 13850, hakipaswi kutegemea mantiki ya PLC ya kawaida, achilia mbali bodi ya kujifunzia. Kinahitaji saketi yake ya usalama inayokata umeme yenyewe.

Kuna njia nyingine ambayo programu hii huonyesha maana ya kontakti, nayo ni faili inayotoka mtumiaji anapoitayarisha kazi yake kwa ajili ya kuendeshwa. Mchoro wa ngazi hubadilishwa kuwa maandishi ya lugha ya ST, moja ya zile lugha tano, inayoandikwa kwa maneno badala ya michoro, na faili hiyo yenye kiambishi .st inaweza kufunguliwa kwa kihariri chochote cha maandishi. Saketi ya mota niliyoieleza hutokea kwa sura inayokaribiana na hii:

MOTA := KITUFE_KUZIMA AND (KITUFE_KUWASHA OR MOTA);

MOTA iliyo ndani ya mabano ndiyo inayoifanya mota iendelee baada ya kitufe cha kuwasha kuachiwa. Mtu akiibadili kontakti ya kuzima kuwa kanushi, kwenye mstari huo huongezeka NOT mbele ya kigezo, na hakuna kingine kinachobadilika. Huo ndio ukweli wote wa kontakti: kigezo chenyewe, au NOT ya kigezo. Kontakti mbili zikifuatana ni AND, zikiwa sambamba ni OR. Ningependa mwalimu yeyote anayetumia programu hii aifungue faili ya .st mbele ya darasa tangu somo la kwanza, kwani hakuna maelezo marefu yanayoweza kufikia uwazi wa mstari huo mmoja.

Kontakti za ukingo zinastahili kuzungumziwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapo msamiati wa watengenezaji hutawanyika zaidi na athari za kutoelewa huwa kubwa. PLC hurudia kazi yake kwa mizunguko: husoma maingizo, yaani pale ishara za vihisi na vitufe zinapoingia, hupitia mantiki yote, kisha huandika matowe, pale amri zinapotoka. Katika OpenPLC mzunguko wa awali huwekwa kila baada ya milisekunde 20, isipokuwa mtumiaji aubadilishe. Tuseme kitufe kinatakiwa kuongeza 1 kwenye kigezo kupitia bloku ya ADD. Ukitumia kontakti ya moja kwa moja, mtu akibonyeza kwa nusu sekunde, ADD itatekelezwa mara 25 hivi. Kontakti ya ukingo wa kupanda hupitisha kwa mzunguko mmoja tu, ule ambamo kigezo kimetoka 0 kwenda 1, basi hesabu huongezeka kwa 1 kama ilivyokusudiwa. Kwa bloku ya kuhesabia ya CTU tahadhari hii haihitajiki, kwani kiwango kimeifanya itambue ukingo yenyewe. Nimeona michoro inayoweka kontakti ya ukingo mbele ya CTU, jambo lisilodhuru lakini linaloonyesha kwamba mchoraji hakuwa na uhakika.

Kwa Mitsubishi kontakti hizi ni LDP na LDF. Omron huweka alama ya @ au % mbele ya agizo. Allen-Bradley hawana kontakti ya ukingo kwa maana hii. Hutumia maagizo tofauti kama ONS na OSR, ambayo humtaka mtumiaji ateue biti ya kukumbukia hali iliyopita, na kosa la kuitumia biti moja ya kumbukumbu kwa maagizo mawili ni gumu kulitafuta. Katika OpenPLC Editor biti hiyo haionekani. Kila kontakti ya ukingo huzalisha nyuma ya pazia bloku yake ya R_TRIG (ya ukingo wa kupanda) au F_TRIG (ya ukingo wa kushuka), ambayo mtu ataiona tena kwenye faili ya .st, na kila moja ina kumbukumbu yake isiyoingiliana na ya nyingine. Kwa anayejifunza ni urahisi mkubwa.

Urahisi huo una gharama ambayo kisanduku hakiionyi. Kwa mujibu wa ufafanuzi wa R_TRIG na F_TRIG katika kiwango chenyewe, kumbukumbu ya ndani huanza na 0. Hii ina maana kwamba ikiwa kigezo tayari ni 1 wakati PLC inapowashwa, ukingo wa kupanda utatambuliwa kwenye mzunguko wa kwanza, ingawa hakuna aliyebonyeza kitu. F_TRIG nayo, ikikuta kigezo ni 0 mwanzoni, hutoa ukingo wa kushuka ambao haukutokea. Anayeweka kontakti ya ukingo wa kushuka kwenye kihisi kinachopumzika kwa 0, akategemea itulie hadi kihisi kitakapoguswa, atashuhudia tukio la uongo kila mara mfumo unapoanza. Si hitilafu ya OpenPLC, maana inafuata kilichoandikwa, lakini programu inayolenga wanafunzi ingeweza kulitaja hili kwa sentensi moja.

Upande wa majaribio nauona wenye nguvu. Mtu anaweza kuendesha programu ndani ya kompyuta bila kifaa chochote, akafungua mwonekano wa uchunguzi, na njia zinazopitisha mantiki zikageuka kijani. Vigezo vinaweza kulazimishwa kuwa 1 au 0 kwa mkono. Hapa ndipo kontakti kanushi hujieleza vizuri kuliko popote: mwanzoni, vigezo vyote vikiwa 0, ni zenyewe zinazong'aa kijani huku za moja kwa moja zikiwa zimezimika, na mtazamaji anaona kwa macho kwamba rangi haielezi kitufe kimebonyezwa au la, bali inaeleza kama swali la kontakti limejibiwa ndiyo. Wale wanaozisoma rangi hizi kama picha ya kitufe ndio wanaopotea, na ni afadhali wapotee hapa kuliko mbele ya mashine.

Kasoro zipo, na ya kwanza inagusa jina lenyewe nililolisifu. Neno "Normal" kwenye orodha ya sifa linafanana mno na lile la "normally" lililomo katika majina ya rilei ambayo programu imejitahidi kuyakwepa. Mwanafunzi aliyewahi kusikia majina hayo atauliza: ni ya kawaida iliyo wazi, au ya kawaida iliyofungwa? Lingetumika neno lenye maana ya moja kwa moja, swali lisingezaliwa. Pili, sifa nne zimewekwa kama chaguo moja, hivyo mtu hawezi kuchagua ukanusho na ukingo kwa pamoja. Kinachoshangaza ni kwamba faili ya mradi, plc.xml, ambayo hufuata muundo wa faili wa shirika la PLCopen, huhifadhi ukanusho na ukingo kama sifa mbili tofauti za kontakti. Muundo unaruhusu kile ambacho kisanduku kinakizuia. Kwa vitendo hasara si kubwa, kwani ukingo wa kupanda wa kinyume ni sawa na ukingo wa kushuka wa kigezo kilekile, lakini maelezo ya uhusiano huo hayapo.

Uchoraji wenyewe unachosha. Mtumiaji lazima aweke mwenyewe reli ya umeme ya kushoto, ataje idadi ya pini zake, kisha avute waya kutoka kitu hadi kitu, ilhali programu nyingi za kibiashara humpa kipago tupu na kuunganisha kila anachokidondosha. Zaidi ya uchovu, kuna athari ya kimantiki: ukurasa ni huru, na mpangilio wa utekelezaji hutokana na mahali vitu vilipo. Koili iliyosogezwa juu ya nyingine bila kukusudia inaweza kutangulia kutekelezwa, na kontakti inayoisoma koili hiyo ikapata thamani ya mzunguko huu badala ya ule uliopita. Nashauri kuacha nafasi ya kutosha kati ya kipago na kipago.

Tatu, na hili ni pengo kuliko kosa, hakuna mahali ambapo programu inaunganisha majina yake na ya watengenezaji wengine. Anayeimaliza kozi kwa OpenPLC kisha akakuta kiwandani mchoro uliochapishwa wenye XIO, au orodha yenye ANI, atalazimika kutengeneza jedwali lake mwenyewe, kwa mkono.

Kwa nani basi programu hii inafaa? Kwa mwanafunzi anayeanza bila historia ya rilei, ningeipendekeza bila kusita, kwa kuwa atajifunza kontakti kama swali kwa biti tangu siku ya kwanza na hatakuwa na cha kusahau. Kwa fundi umeme wa miaka mingi aliyezoea kuchora kontakta (swichi kubwa za kuwashia mota) na rilei za muda, siku za mwanzo zitakuwa ngumu kidogo, kwani mkono wake utakuwa ukitafuta kontakti inayofanana na kitufe. Kwake ningependekeza kwanza abadili namna anavyovipa vigezo majina. Badala ya KITUFE_KUZIMA, jina linalotaja kifaa na kunyamaza kuhusu thamani, aandike KUZIMA_HAIJABONYEZWA, au hata RUHUSA_KUENDELEA, jina linalosema wazi 1 inamaanisha nini. Programu inakubali majina marefu kama haya bila shida, na kipago kinachosomeka "ruhusa ya kuendelea, na kitufe cha kuwasha au mota yenyewe" hakimhitaji msomaji akumbuke kitufe kilinunuliwa cha aina gani. Kwa anayejiandaa kufanya kazi kwenye vifaa vya mtengenezaji mmoja mahususi, ni busara atumie programu ya mtengenezaji huyo mapema, na OpenPLC Editor aiweke kama mahali pa kujaribia wazo kabla ya kulipeleka kwenye msamiati wa huko.

Ningeomba waendelezaji wafanye badiliko moja dogo: karibu na orodha ya zile sifa nne waweke mstari mfupi unaoonyesha maneno ya ST yatakayozalishwa na chaguo lililopo, kigezo au NOT ya kigezo, R_TRIG au F_TRIG. Taarifa hiyo programu tayari inayo.